Ulizeni kabla ya kusoma shtaka: shajara ya kutetea waombaji hifadhi, Malindi

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wa Lamu, Garsen, Kwale na popote watakapotaka kufanya kazi hii, ili wasijikwae palepale tulipojikwaa. Sisi ni kikundi kidogo: wasaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu, muuguzi, shehe mmoja, akina mama wa kanisa, na wakili kijana anayetusaidia bila malipo. Ofisi hatuna. Nitaongeza sehemu kila hatua ikikamilika. Majina ya watu, vijiji vyao na njia walizopitia hamtayaona humu. Sababu nimeieleza kwenye sehemu ya Machi.

14 Oktoba 2024: Tunapoanzia

Barabara ya Garsen inaingia Malindi kwa daraja la Sabaki. Kila baada ya muda gari hukamatwa huko juu likiwa na vijana wa Kiethiopia, wamebanana chini ya turubai au wamekaa kwenye basi kama abiria wengine. Wengi wanaelekea Afrika Kusini kupitia Mombasa na Tanzania. Hulala seli, kesho yake hufikishwa kortini, husomewa shtaka la kuwapo nchini kinyume cha sheria, hukiri, huhukumiwa, na hakimu huamuru kwamba wakimaliza kifungo warudishwe kwao. Yote hayo huweza kwisha kabla ya adhana ya adhuhuri.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Hiyo kila mtu kituoni anaijua. Zisizojulikana ni zile nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini, na haimhesabii mwombaji hifadhi, yaani anayeomba kulindwa kama mkimbizi, kosa kwa sababu tu aliingia bila kibali. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inasema aliyesafirishwa kwa hila au kwa nguvu hashtakiwi kwa kuwa nchini bila kibali. Juu ya hizo kuna Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao tuliuridhia mwaka 1992.

Kwa hiyo hatukuanza kwa kudai sheria mpya. Ulinzi upo kwenye vitabu, ila unamfikia mtu akiwa ameshakiri kosa na lori la magereza linamngoja nje. Dai letu ni moja: kabla shtaka halijasomwa, mtu aulizwe, kwa lugha anayoielewa, kilichomtoa kwao.

Si kila kijana anayekamatwa ni mkimbizi. Wako wanaotafuta kazi tu, na wao sheria ina njia yake. Lakini huwezi kumjua nani ni nani kwa kumtazama usoni, na gharama ya kukosea hailipwi na sisi.

22 Novemba 2024: Karatasi ya kwanza imeshindwa

Tulichapisha karatasi yenye vifungu vya sheria pande mbili, Kiswahili cha mahakamani kitupu, tukaisambaza vituoni. Tuliporudi tulizikuta chini ya rundo la majalada. Afande wa zamu alimwambia mwenzetu bila chuki yoyote, "Mwalimu, mimi nina mahabusu wamejaa hapo nyuma na choo kimoja. Hii nitaisoma saa ngapi?" Alikuwa na haki. Shilingi 7,500 zimeenda.

Badala yake tumetengeneza kadi moja ngumu, ya kutundikwa ukutani karibu na meza ya ripoti, yenye maswali matatu tu. Hapo napo tulikwama. Swali la kwanza lilikuwa "Je, wewe ni mkimbizi?" Kila aliyeulizwa alisema hapana.

Ilituchukua muda kuelewa. Kwa vijana hawa mkimbizi ni yule wa kambini mwenye kadi ya chakula, na wao hawajawahi kuishi kambini. Aidha, wasafirishaji huwafundisha kujibu kwamba wanakwenda kutafuta kazi, neno la ziada wasiseme. Kijana mmoja alikana mbele ya afande, akakana tena mbele yangu. Kisha muuguzi wetu akaketi sakafuni kumsafisha kidonda cha kisigino, ndala imemla nyama, na bila kuulizwa na mtu kijana akaanza kusimulia jinsi ndugu yake alivyochukuliwa usiku na watu wenye bunduki. Nyumba ilichomwa siku iliyofuata. Alikuwa na namba ya simu ya shangazi yake, ameiandika kwa wino upande wa ndani wa mkanda wa suruali.

Ethiopia vita vya Tigray vilipiganwa kuanzia Novemba 2020 hadi mapatano ya Novemba 2022, lakini huko Oromia na Amhara mapigano yameendelea baada ya hapo. Mkataba wa Afrika wa 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata yule aliyekimbia machafuko makubwa yaliyovuruga amani ya mahali anapoishi. Si lazima athibitishe kwamba alisakwa yeye kwa jina. Mtu wa namna hiyo hajiiti mkimbizi. Anasema tu kwamba kwao hakukaliki.

Swali sasa linasema: "Kwa nini uliondoka kwenu, na ukirudishwa nini kitakupata?" La pili linauliza ni nani aliyemleta na kama anadaiwa pesa au kuna ndugu anayeshikiliwa kwa sababu yake. La tatu ni umri wake, na kama amefuatana na mtu wa familia. Majibu yamebadilika. Ukitaka kuiga kitu kimoja kutoka kwetu, iga hayo maswali.

3 Februari 2025: Wakalimani

Hii ndiyo sehemu iliyotutoa jasho kuliko zote, nitaieleza kwa urefu.

Katiba haina utata. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Hata kabla ya Katiba hii, kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973 iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo: shtaka lielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, asomewe maelezo ya kosa na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akisema jambo linaloonyesha huenda hana hatia, kukiri kwake hufutwa na kesi husikilizwa.

Tatizo ni kwamba Mwethiopia akifika, anaitwa mtu yeyote anayejua Kiamhara. Ethiopia ina lugha zaidi ya 80. Wengi wa vijana wanaopita njia hii wanatoka kusini, pande za Hosaena, na lugha za nyumbani ni Kihadiya na Kikambaata. Kiamhara wamekisikia shuleni, kama walisoma. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma kortini nikamwona mmoja akiitikia kwa kichwa kila sentensi aliyotafsiriwa, hata alipoulizwa ana miaka mingapi. Iliandikwa kwamba amekiri.

Tulianza kwa kutafuta mkalimani wa kuja Malindi. Nauli, malazi na posho vilitushinda mapema. Kisha tukapata mwanamume kupitia rafiki wa rafiki, mwepesi wa kusaidia, anayepokea simu saa yoyote. Kijana wa kwanza kusikia sauti yake alinyamaza palepale, akainama, hakusema tena. Baadaye tuligundua kwamba yule mkalimani alikuwa akiuliza mambo ambayo hatukumtuma: nani amelipa, kiasi gani kimebaki, namba ya baba. Tukaacha kumtumia siku hiyohiyo. Anayejitolea haraka mno kutafsiri huenda ana jamaa zake kwenye biashara ya kusafirisha watu, nanyi mtakuwa mmewakabidhi vijana kwa walewale wanaowadai.

Utaratibu tunaoufuata sasa ni huu. Wakalimani tunawapata kupitia makanisa na jumuiya zenye viongozi tunaoweza kwenda kuzungumza nao ana kwa ana. Wanafanya kazi kwa simu, sauti ikiwa wazi na askari akiwapo. Hawaambiwi jina la mahabusu wala kituo. Kila lugha tunatafuta wawili, ili mahabusu akionyesha wasiwasi tumbadilishie bila kumtaka aeleze sababu. Swali la kwanza siku zote ni kama mahabusu anamwelewa vizuri anayezungumza naye, na jibu linaandikwa kwenye kitabu cha matukio pamoja na jina la lugha. Kwa Kihadiya tumempata mama mmoja anayeishi Nairobi. Mara ya kwanza aliposalimia kwenye simu, kijana aliyekuwa ameegemea ukuta alisogea hadi akagusa meza kwa kifua, na alizungumza mpaka salio likaisha.

Jambo jingine la kupanga mapema ni saa. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata. Ni haki yake na hatutaki ivunjwe, ila maana yake ni kwamba mkalimani anatafutwa usiku. Orodha yetu inaonyesha nani hupokea simu baada ya saa nne.

Pesa: tulikuwa tumeahidiwa msaada wa kuwalipa wakalimani na shirika moja lenye mawakili. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika hilo likapunguza wafanyakazi kama mengine mengi. Ahadi imekufa. Tunachanga wenyewe kwa ajili ya salio la simu.

18 Machi 2025: Picha

Mwanzoni mwa mwezi mtu alipiga picha ya mahabusu wakishuka garini, nyuso zote zinaonekana, na kabla ya futari ilikuwa imezunguka makundi ya WhatsApp ya mtaa. Watu waliandika maneno ya huruma chini yake. Huruma ile ingeweza kumuua mtu. Aliyekimbia serikali au kundi lenye silaha ana mama na wadogo zake nyuma, na picha moja inatosha kuwajulisha wanaomtafuta kwamba yuko wapi na nani wa kumshika badala yake.

Tumewaomba wasimamizi wa makundi waifute na wengi wamefanya hivyo, ila kilichosambaa hakirudi chote. Tangu hapo simu zetu zinabaki kwenye begi la mtu mmoja tukiingia kituoni, isipokuwa ile ya mkalimani. Daftari lina namba badala ya majina, na orodha ya kuoanisha namba na majina iko kwa wakili peke yake, chini ya siri ya wakili na mteja. Waandishi wa habari wa hapa tumewaomba wapige picha za mgongoni au za miguu, na wamekubali.

Chakula pia kimepangwa mwezi huu. Mahabusu wa hapa huletewa chakula na ndugu zao. Mgeni hana wa kumletea. Akina mama wa kanisa wanapika mchana, na jioni tunapata mihogo, maharagwe na uji kutoka futari za msikitini. Wengi wa vijana hawa ni Wakristo, na hakuna aliyewauliza dini kabla ya kuwapakulia.

30 Aprili 2025: Bunge la Kaunti limeturudishia barua

Bunge la Kaunti ya Kilifi liko hapahapa Malindi, tukaona ni mlango wa karibu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge hilo. Tuliandika, tukakusanya sahihi, tukapeleka.

Ombi limerudi. Haki ile inahusu mambo yaliyo ndani ya mamlaka ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba limeweka uhamiaji na uraia mikononi mwa serikali ya taifa. Jibu ni sahihi kisheria, lakini linaumiza kulipokea ukikumbuka akina mama wazee waliotembea nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi.

Hatukutupa kazi hiyo. Wakili alilifungua Jedwali lilelile akatuonyesha kwamba afya ni jukumu la kaunti. Tumeliandika ombi upya: mahabusu wa kigeni atibiwe katika hospitali za kaunti bila kutakiwa kitambulisho wala malipo ya awali, na anayesema hajafika miaka 18 apimwe umri na daktari bila ada, badala ya askari kukisia kwa kutazama ndevu. Chini ya miaka 18 mtu ni mtoto. Anahitaji afisa wa watoto, na hapaswi kufungwa na watu wazima. Safari hii ombi limepokelewa na limepelekwa kwenye kamati.

Tarehe 28 Machi serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kufanya kazi pamoja. Wenzetu kadhaa wameuliza kama sasa kazi yetu imekwisha. Mpango ni mzuri kwa aliyekwisha kutambuliwa. Wa kwetu bado hajaulizwa hata swali.

15 Juni 2025: Barazani

Sehemu hii ingepaswa kutangulia zote. Mnaoiga, anzeni na watu wa mtaa.

Mzee mmoja alisimama barazani akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe la kuwapa hatuna, wetu wenyewe wamekaa vibarazani." Mwingine akataja mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 na amri za kutotoka nje usiku huko Lamu, na jinsi Wabajuni na Waboni walivyoishi na operesheni za usalama tangu wakati ule. Hofu hizo si za kubezwa. Watu wamezika.

Tulichojibu ni kwamba sheria ya wakimbizi haimpi hifadhi aliyetenda uhalifu wa kivita au kosa kubwa la jinai kabla ya kuingia, na kwamba anayeomba hifadhi anaandikishwa, anachukuliwa alama za vidole na kuhojiwa. Asiyeulizwa kitu anatumikia kifungo na kutoka bila yeyote kujua habari zake. Nani kati yao ungependa serikali imjue? Watu walisikiliza, ila nilihisi kwamba hoja hiyo imeingia kichwani tu.

Aliyebadilisha baraza ni mama mmoja wa Maweni. Binti yake yuko Saudia, kazi za ndani, pasipoti imeshikwa na mwajiri. "Mwanangu akitoroka leo usiku akakamatwa barabarani," alisema, "mimi ningeomba nini kwa mtu wa huko? Ningeomba amuulize kwanza, mwanangu, una nini?" Hapo hata wale waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Nyumba nyingi za pwani zina mtu Ghuba.

Na Ijumaa iliyopita shehe wetu alihutubia habari za Najashi. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka walivuka bahari hadi Habasha, kwa mfalme Mkristo. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi alikataa kuwatoa kabla hajawasikiliza wenyewe. Akamwita Jaafar bin Abi Talib, akamuuliza, akasikiliza aya za Sura Maryam, kisha akazirudisha zawadi. Shehe akaongeza aya ya 6 ya Sura At-Tawba, inayoamuru anayeomba ulinzi apewe na afikishwe mahali pake pa amani. Halafu akasema wazi kwamba vijana walioko seli wanatoka nchi hiyohiyo ya Najashi. Tangu siku hiyo hatujawahi kukosa wa kuleta chakula.

Wazee nao wakakumbusha ya 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na Wabajuni na watu wa Barawa wakaja kwa mashua na majahazi, na kambi ya wakimbizi iliyokuwapo Marafa miaka ile. Kumbe nusu ya waliokuwa barazani walikuwa na jamaa aliyewahi kupokelewa.

12 Agosti 2025: Ombi la habari

Tulitaka kujua ni wageni wangapi walioshtakiwa kwa kosa hili na wangapi walipata mkalimani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 tu kama habari inagusa uhai au uhuru wa mtu. Ofisi tuliyoiandikia haikujibu. Tulipeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo, ndipo jibu likaja, pungufu: mashtaka yapo, lakini lugha ya mshtakiwa haiandikwi mahali pa kuweza kuhesabiwa.

Jibu hilo pungufu ndilo lililotusaidia zaidi. Sasa tunayo barua rasmi inayothibitisha kwamba jambo ambalo Katiba inalidai haliwekewi kumbukumbu. Ombi lenu liandikeni kwa vipengele vidogovidogo, kila kimoja kijibiwe peke yake. La kwetu lilikuwa aya moja ndefu na likajibiwa kwa aya moja fupi.

24 Oktoba 2025: Kamati ya Watumiaji wa Mahakama

Kila kituo cha mahakama kina kamati hii. Humo huketi mahakimu, waendesha mashtaka, polisi, magereza, maafisa wa watoto, mawakili na wananchi. Ni mlango tulioupita mara nyingi tukielekea mingine ya mbali. Tuliomba nafasi kwenye ajenda, tukapeleka kurasa mbili, kadi ya maswali, na ile barua ya Agosti.

Hatukwenda kulaumu. Tuliwaonyesha kwamba hukumu inayosimama juu ya kukiri kusikoeleweka ni rahisi kubatilishwa, na tukataja kwamba Mahakama Kuu imekwisha kuonyesha njia: Jaji Majanja tarehe 26 Julai 2013 alipotengua amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na Jaji Mativo tarehe 9 Februari 2017 aliposema kuifunga Dadaab ni kinyume cha Katiba. Mwendesha mashtaka aliuliza swali gumu la haki: je, kila mtu hatasema anaogopa kurudi, ili aahirishiwe? Wakili wetu alijibu kwamba anayeamua nani mkimbizi si askari, si hakimu wa zamu wala sisi. Ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kazi ya kituo na mahakama ni kusikia dai na kulipeleka. Anayedanganya ataonekana huko.

Wamekubali kujaribu. Lugha ya mshtakiwa itaandikwa juu ya jalada. Maswali yataulizwa kabla ya shtaka kusomwa. Akidai hifadhi, kesi itaahirishwa kwa muda mfupi na Idara itajulishwa; akionekana ni mtoto, afisa wa watoto ataitwa. Nilitoka nje nikalia, sioni haya kuliandika.

Kinachobaki kutuumiza ni pa kulala. Kesi ikiahirishwa, mtu anakwenda rumande gerezani, akae na watuhumiwa wa makosa mazito kwa kosa la kuomba ulinzi. Dhamana inataka mdhamini na anwani, navyo mgeni hana. Tumekaribia familia zinazoweza kusimama, lakini zinaogopa kuonekana zinaficha wageni haramu, na hofu hiyo ina msingi. Tunaomba kamati itoe barua itakayowakinga.

Na kuna waliokwisha kufungwa. Anayekiri hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, ila uhalali au ukubwa wa adhabu, na muda ni siku 14. Tulipoteza nafasi kwa kung'ang'ania rufaa. Njia iliyofunguka ni mapitio: Mahakama Kuu ina uwezo wa kuitisha jalada na kukagua kama mwenendo ulikuwa halali. Yule kijana aliyekuwa akiitikia kwa kichwa, jalada lake limeitishwa na amri ya kumrudisha imesimamishwa. Zaidi ya hapo sitaandika.

28 Novemba 2025: Gharama hadi sasa, na kinachofuata

Karatasi zilizoshindwa, 7,500. Kadi kuchapwa na kufunikwa plastiki, 4,200. Salio la simu na wakalimani, 11,500. Nauli za Mombasa kufuatilia majalada na Idara, 9,600. Nakala, faili na viapo, 6,800. Chakula na sabuni za seli, 23,000, mbali na vile vilivyoletwa vimepikwa. Jumla shilingi 62,600, zote michango. Mnaoanza sasa mnaweza kuokoa ile ya kwanza, na mkiingia kwa mlango wa Kamati ya Watumiaji wa Mahakama tangu mwanzo mtapunguza nakala. Msaada wa kisheria uombeni pia kwa serikali: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja kwa jina wakimbizi na waliosafirishwa kiharamu.

Kinachofuata ni Bunge la Taifa, kwa Kifungu cha 119 cha Katiba. Sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge inakubali Kiswahili, kwa hiyo tunaandika kwa Kiswahili. Inataka pia ueleze umelifikisha jambo wapi kabla ya hapo na ukajibiwa nini, na kama liko mbele ya mahakama yoyote. Barua zote tulizokataliwa, kuanzia ile ya Aprili, zimekuwa viambatisho. Tunaomba maswali ya kabla ya shtaka yawe kanuni ya nchi nzima, fedha za wakalimani zitengwe kwenye bajeti, Idara iwe na afisa anayefika Malindi na Lamu kwa ratiba inayojulikana, na amri ya kumrudisha mtu isitolewe kabla dai lake halijachunguzwa.

Kadi ya maswali iko tayari kwa Kiswahili, Kiamhara, Kioromo na Kisomali. Ya Kihadiya inasomwa upya na mkalimani wa pili kabla hatujaichapisha. Ya Kikambaata bado tunatafuta msomaji.